Waliotekwa Akili: Ainisho la Awali, kwa Vielelezo vya Muleba na vya Marvel

Wataalamu wa Ziwa Victoria wamewaainisha furu kwa mamia, kila mmoja kwa umbo la taya lake, na sangara aliyewamaliza naye ana maktaba yake. Wataalamu wa migomba wamezigawa ndizi za Kagera kuwa za kupika, za kuivisha na za pombe, kisha wakazigawa tena mpaka mkulima mwenyewe akaanza kujiuliza analima nini. Limebaki kundi moja la viumbe, kubwa kuliko furu wote wa enzi kabla ya sangara, ambalo halijaandikiwa hata daftari la shule: watu waliotenda jambo mchana kweupe, mbele ya mashahidi, kisha wakasema aliyetenda si wao.

Hapa kwetu kiumbe huyu anajulikana kwa mlio wake. Akifikishwa mbele ya hakimu, mwenyekiti wa kitongoji au mama mkwe, hulia hivi: "Shetani alinipitia." Sifa kuu ya shetani huyo ni kwamba hupita tu. Hajawahi kukaa kusubiri hukumu, hajawahi kutoa ushahidi, wala hajawahi kuchangia faini.

Makala haya ni jaribio la kuwapanga viumbe hao katika mafungu, kwa kutumia vielelezo vilivyokusanywa Bukoba, Muleba na katika vitabu vya katuni vya Kimarekani, ambako mlio huohuo husikika ukiwa umevalishwa joho. Mbinu ya utafiti ni ile inayoheshimika popote penye wasomi: kukaa, kusikiliza, kusoma, na kufikia uamuzi kabla ushahidi haujaleta usumbufu.

Nadharia ya stelingi

Maabara bora ya elimu hii ni kibanda cha video. Humo filamu ya Kimarekani huonyeshwa ikiwa na sauti ya msimulizi anayeieleza kwa Kiswahili juu ya sauti ya wenyewe, kazi ambayo Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliyekuwa askari kabla ya kushika kipaza sauti, ni miongoni mwa waasisi wake nchini. Tuchukue kielelezo kinachojulikana na kila kijana: Bucky Barnes. Alianguka kutoka kwenye treni wakati wa Vita Kuu ya Pili, akaokotwa na maadui, akawekewa mkono wa chuma, akafutwa kumbukumbu, akawa anagandishwa kwenye barafu na kuyeyushwa kila alipohitajika mtu wa kuua. Katika filamu ya mwaka 2016 ya Captain America inafichuka kwamba mwaka 1991 aliwaua wazazi wa Tony Stark. Stark anataka roho yake. Captain America anamkinga rafiki yake akisema hakuwa yeye, akili yake ilikuwa mikononi mwa wengine.

Nusu ya kibanda inamtetea Bucky, nusu inasimama na Stark, na mwenye kibanda anasimama na kiingilio. Msimulizi hana mashaka ya kifalsafa. Kwake swali ni moja: huyu ni stelingi, ni rafiki wa stelingi, au ni adui? Stelingi akitekwa akili, alitekwa. Adui akitekwa akili, alikuwa na tabia hiyo tangu utotoni.

Msomaji asiidharau nadharia hii, maana ndiyo inayotumiwa na studio zenyewe. Katika The Avengers ya mwaka 2012, Loki anawagusa watu kifuani kwa mkuki wake na wanakuwa watumwa wake. Mmoja wao ni Hawkeye, mwenye picha kwenye bango. Yeye anagongwa kichwa na mwenzake, anazinduka, anafarijiwa, anarudishiwa upinde wake na kwenda kuokoa New York. Nani amewahi kuuliza habari za wale wengine wasio na jina waliokuwa upande wake siku ile? Je, nao waligongwa kichwa kwa upole? Kutokana na hayo tunapata kanuni ya kwanza ya fani: hatia hupungua kadiri uso unavyokuwa mkubwa kwenye bango.

Kanuni hiyo inaeleza mengi, kuanzia Hollywood hadi mahakama ya mwanzo, ila haitoshi kupanga mafungu. Baada ya kujaribu vigezo kadhaa (kichaa cha macho, sauti kubadilika, kuvaa nyeusi) tumeona kigezo kinachofaa ni kimoja: bwana. Nani alikuwa akiendesha?

Wenye bwana anayejulikana

Hili ndilo fungu linalopendwa na waandishi kwa sababu ni rahisi kuchora. Jessica Jones, katika mfululizo wa mwaka 2015, anamuua mwanamke asiye na kosa kwa sababu Kilgrave amemwambia. Kilgrave hana silaha. Anasema tu, na anayesikia anataka kile alichoambiwa akitake.

Tumpeleke sasa Jessica mbele ya sheria zetu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haina kifungu cha Kilgrave, lakini ina cha 17, kinachohusu kulazimishwa. Kinamsamehe mtu pale tu ambapo kosa limetendwa na watu wawili au zaidi, naye akashiriki kwa kuwa muda wote huo mwenzake alikuwa akimtishia kumuua au kumdhuru vibaya palepale. Kitisho cha kesho hakihesabiwi. Jessica hakutishiwa, si leo wala kesho. Basi aende kifungu cha 13, cha ugonjwa wa akili? Daktari atampima na kumkuta mzima. Sheria imemfikiria mtu anayefanya asichotaka na mtu asiyejua anachofanya. Haikumfikiria mtu aliyefanywa atake. Anadondoka katikati ya vifungu viwili, na wakili wake anaomba ahirisho.

Tusidhani kwamba shida hii ni ya New York. Kagera inamjua Kilgrave asiye na koti la zambarau. Anafika kahawa ikiwa bado maua. Ada ya shule inadaiwa, mgonjwa yuko hospitalini, na mavuno yako mbali. Ananunua kahawa ambayo haijazaliwa kwa bei ambayo mwenye shamba, angekuwa ameshiba, angemfungulia mbwa. Biashara hiyo ndiyo butura, na viongozi wamekuwa wakiipiga vita kwa miaka mingi, hasa kwa kumhutubia muuzaji. Mkulima alisaini kwa mkono wake, mkono haukutetemeka, mashahidi wapo. Je, alitaka? Alitaka sana. Hapo ndipo ulipo ujuzi wa Kilgrave. Tofauti ni kwamba Kilgrave wa runinga alivunjwa shingo mwishoni mwa msimu wa kwanza, na huyu wetu msimu ujao atarudi na pikipiki mpya.

Kuna kielelezo kimoja katika fungu hili ambacho hakivumilii utani, na msomaji aniruhusu niuweke pembeni kwa aya mbili. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kaskazini mwa Uganda, mtoto wa miaka tisa hivi alikamatwa na waasi wa Lord's Resistance Army akiwa njiani kwenda shule. Alifunzwa kuua, akakua humo, akapanda vyeo mpaka akawa kamanda wa brigedi. Jina lake Dominic Ongwen. Tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kwa makosa 61 ya kivita na dhidi ya ubinadamu. Mawakili wake walitoa hoja ambazo mpenzi yeyote wa katuni angezitambua: alikuwa mtoto aliyeharibiwa akili, aliishi chini ya kitisho, na Joseph Kony aliwatawala wafuasi wake kwa mapepo aliyoaminika kuwa nayo.

Majaji walikataa. Kuhusu mapepo waliona kwamba imani katika nguvu za Kony iliwashika zaidi wageni na watoto, na ilififia kwa waliokaa muda mrefu. Lakini walipofika kwenye adhabu walimkumbuka yule mtoto wa njiani: wakatoa miaka 25, pungufu ya ile ambayo wangeitoa kwa mtu asiye na historia hiyo, ingawa jaji mmoja alitaka 30. Rufaa ilishindwa Desemba 2022. Bucky wa kweli, basi, hakupewa jibu moja. Alipewa mawili kwa pamoja: hatia kamili, na adhabu iliyopunguzwa. Hakuna mwandishi wa filamu aliyewahi kuwa na ujasiri wa kumwandikia stelingi wake mwisho wa aina hiyo.

Waalikaji

Fungu la pili ni la wale ambao bwana hakuvunja mlango. Alifunguliwa, akawekewa kiti.

Kielelezo cha kale ni embandwa. Katika Buhaya kabla ya misheni, na kwa siri baada yake, Wachwezi, yaani mizimu ya kale, walikuwa na watu wao waliowapanda: Wamara aliye mkuu wao, Mugasha wa ziwa na dhoruba, Irungu wa pori. Mtu hakuwa embandwa kwa bahati mbaya. Aliingizwa kwa mafunzo na miiko, na pale alipopandwa, aliyesema alikuwa Mchwezi, si yeye. Wamisionari waliona ushetani. Watafiti wa historia waliona humo pia siasa, kwa kuwa sauti ya Mchwezi iliweza kutamka mbele ya ngome ya wafalme wa Kihinda neno ambalo raia wa kawaida angelitamka mara moja tu katika maisha yake, ile ya mwisho. Kwa mtu asiye na cheo, kutokuwa yeye kwa muda ni ruhusa ya kusema. Jambo hili tutalihitaji tukifika Kashasha.

Wamarekani wana Venom, kiumbe mweusi anayemvaa Eddie Brock, na Eddie anajisikia vizuri kuvaliwa. Sisi tuna rubisi. Kifungu cha 14 cha Kanuni yetu kinalitazama suala hili kwa busara ya mwenye kilabu cha pombe: kwa mlevi asiyejua alichofanya, kinataka kufahamu kama kinywaji kiliingia bila ridhaa yake, kwa hila au uzembe wa mtu mwingine. Aliyemiminiwa anaweza kusikilizwa. Aliyejimiminia aje na hoja nyingine. Kwa kipimo hicho Eddie Brock ana kesi ya kujibu, na embandwa anawajibika angalau kwa kuhudhuria mafunzo.

Mashabiki wa Simba na Yanga waliofika Kaitaba timu zao zilipocheza na Kagera Sugar wamewekwa katika fungu hili kwa muda, uchunguzi ukiendelea. Wanaokamata senene hawamo. Mwezi wa Novemba, mfanyakazi anayetoweka ofisini usiku wa taa na mabati anajua vizuri anachofanya, na mkuu wake anajua kwa sababu walikutana hukohuko.

Bwana aliyepatikana baadaye

Hapa ainisho linafika kwenye viumbe wajanja. Hawa walitenda, wakaonekana, wakalaumiwa, na ndipo, muda ukiwa umepita wa kutosha, bwana akagunduliwa.

Mfano wa darasani ni Lucius Malfoy katika vitabu vya Harry Potter. Mchawi mwovu Voldemort alipoanguka, mtu huyu mwenye mali alijitokeza na kueleza kwamba muda wote ule alikuwa chini ya laana ya Imperius, ile inayomfanya mtu mtumwa wa atakayeitamka. Wengi walisema vivyo hivyo. Wizara ya wachawi ikakubali, hasa kwa wenye fedha. Uzuri wa laana hiyo ni kwamba haiachi kovu: waliolaaniwa kweli na waliojitolea kweli wanafanana siku ya kuhojiwa. Msomaji aliyewahi kuhudhuria kikao cha kijiji cha kumtafuta aliyekula fedha za josho ataona kwamba J. K. Rowling hakuhitaji kusafiri mbali kumpata mhusika huyu.

Lakini Malfoy alijitetea mwenyewe. Katika katuni kuna watu waliotetewa na kiwanda kizima. Mwaka 1994 kampuni ya DC ilimfanya Hal Jordan, Green Lantern mpendwa, apagawe kwa uchungu baada ya mji wake kuangamizwa, awashambulie wenzake na kuliangamiza jeshi lake mwenyewe. Wasomaji walilalamika kwa miaka kumi. Ndipo mwandishi Geoff Johns akafichua, kuanzia 2004, kwamba ndani ya Hal alikuwa amejipenyeza mdudu wa hofu aitwaye Parallax, wa tangu enzi na enzi. Shetani alimpitia, kwa hati miliki. Hal akarudishiwa pete yake ya Green Lantern.

Kwa Jean Grey, shujaa wa Marvel, mambo yalikuwa mazito zaidi. Mwaka 1980 Chris Claremont na John Byrne walimwandika akiwa amejaa nguvu ya Phoenix na kuchezewa akili na mlaghai aitwaye Mastermind, mpaka akaila nyota moja na kuwaua viumbe bilioni tano wa sayari iliyoizunguka. Waandishi walikusudia anyang'anywe nguvu na kuishi. Mhariri mkuu, Jim Shooter, akagoma: aliyeua bilioni tano hawezi kurudi nyumbani kula chakula cha jioni. Jean akafa katika toleo la 137 la katuni hiyo. Kwangu mimi huyo Shooter ndiye mtu pekee katika historia yote ya fani hii aliyeuliza habari za marehemu. Lakini biashara ina subira. Mwaka 1986 ikaelezwa kwamba yule hakuwa Jean hata kidogo. Alikuwa kiumbe kingine chenye sura yake, na Jean mwenyewe alikuwa amelala ndani ya kifuko chini ya maji ya New York muda wote. Viumbe bilioni tano hawakupewa kifuko.

Kuhusu msukule nitasema machache, kwa kuwa Bongo muvi zimeshasema mengi. Anaaminika amekufa na kuzikwa, kumbe yuko shambani kwa mtu usiku, hana ulimi wa kulalamika, analishwa pumba. Ndiye kiumbe safi kuliko wote katika ainisho: hakualika, hakufaidika, hakumbuki. Swali linalomhusu ni la idara ya kazi. Anayekula mahindi aliyoyalima msukule, naye akijua yalivyolimwa, ana akili timamu kabisa.

Kashasha, au bwana asiyeonekana

Mafungu yote hayo yalipangika vizuri mpaka nilipofika Muleba.

Tarehe 30 Januari 1962, siku 52 baada ya Uhuru wa Tanganyika na siku nane baada ya Nyerere kujiuzulu uwaziri mkuu, wasichana watatu katika shule ya bweni ya misheni kijijini Kashasha walianza kucheka. Kashasha iko kilomita 40 hivi kutoka Bukoba mjini. Leo ni Wilaya ya Muleba, wakati ule yote ilikuwa Bukoba. Hawakuweza kuacha. Wakaanza wengine. Kufikia tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na shule ikafungwa.

Madaktari wawili, A. M. Rankin na P. J. Philip, waliandika ripoti iliyochapishwa mwaka 1963, na ni ripoti ya kusomwa polepole. Mgonjwa alicheka na kulia kwa zamu, dakika chache au saa chache, akatulia, akaanza upya. Kuna aliyeandamwa hali hiyo kwa siku 16. Akishikwa kwa nguvu alipigana. Wengine walisema vitu vinatembea kichwani mwao, au kwamba kuna mtu anawakimbiza. Hawakuwa na homa. Damu ilipimwa, maji ya uti wa mgongo yakapimwa, yote safi. Hakufa mtu. Wahaya wakauita ugonjwa wa kucheka. Wengine wakasema akajanja, yaani wazimu.

Dunia imeipenda habari hii kwa sababu isiyo sahihi. Kila mwaka huchapishwa mahali fulani kama kioja cha Waafrika waliocheka miezi kumi na minane bila kupumua. Mtaalamu wa lugha Christian Hempelmann alichukua taabu, mwaka 2007, ya kuwakumbusha wasomi wenzake kwamba hakukuwa na furaha ndani yake. Ilikuwa taabu iliyotoka kwa sauti ya kicheko.

Sasa tupange. Bwana ni nani? Watu walimtafuta kweli, kama katuni inavyomtafuta. Ulikisiwa unga wa chakula. Ilikisiwa hewa, kwamba imeharibiwa na majaribio ya mabomu ya atomiki, ambayo mataifa makubwa yalikuwa yakiyafanya miaka ileile. Vilikisiwa virusi. Hakupatikana. Hakukuwa na mkuki wa Loki, hakuna Mastermind, hakuna Mchwezi aliyejitaja kwa jina akadai mbuzi. Wasichana hawakualika kitu. Hawakuvuna kitu. Hata ile hoja ya stelingi inapinduka, kwa sababu ripoti inasema hakupatwa mwalimu hata mmoja, si Wazungu wawili wala Waafrika watatu, na huko vijijini hawakupatwa wakubwa: walimu, viongozi wa vijiji, polisi. Ugonjwa uliheshimu vyeo kuliko askari wa itifaki.

Benjamin Kagwa, daktari wa akili wa Uganda aliyeandika mwaka 1964 kuhusu matukio ya namna hiyo ya Bukoba na ya kwao Kigezi na Mbale, aliona vijana walioshikwa kati ya ulimwengu wa wazazi na ule wa darasa. Hilo linaingia akilini. Wasichana wa miaka 12 hadi 18, mbali na nyumbani, chini ya kengele na kimya cha bweni, nchi mpya inayowatazamia makubwa, na njia ya zamani ambayo mtu asiye na cheo aliitumia kusema mazito imeshapigwa marufuku kama dhambi. Embandwa alikuwa na Mugasha wa kumsemea. Msichana wa Kashasha alikuwa na koo lake tu. Naongeza hili kama dhana yangu, madaktari hawakuliandika.

Na hapa ndipo kigezo changu cha bwana kinapoanza kulegea, kwa sababu ukilisoma tukio lote kutoka mwanzo, unagundua kwamba kuna tendo moja tu lililofanywa kwa makusudi na watu wenye akili zilizotulia: kufunga shule na kuwarudisha wasichana nyumbani. Siku kama kumi baadaye kicheko kiko Nshamba, ambako baadhi yao walikuwa na kwao. Aprili na Mei watu 217 wakapatwa katika vijiji vyenye wakazi wapatao 10,000. Juni kikafika Ramashenye, shule ya wasichana pembezoni mwa Bukoba mjini, karibu na makwao baadhi ya wanafunzi wa Kashasha: 48 kati ya 154. Shule ikafungwa, wasichana wakarudishwa nyumbani. Kikafika Kanyangereka, na shule mbili za wavulana zikafungwa. Hesabu inayotajwa sana ni shule 14 na watu wapatao 1,000 kabla hakijazimika.

Siwatuhumu walimu wale. Mwalimu yeyote wa mwaka 1962, na wa mwaka huu pia, angefanya hivyohivyo, na wazazi wangemshukuru. Nasema tu kwamba tumekuwa tukimhoji mtu asiyefaa. Tangu Loki hadi butura tunamzunguka yule aliyetekwa tukimuuliza ulikuwa wapi, ulijua, ulitaka? Yeye ndiye hasa asiyeweza kujibu. Waliokuwa na akili zao wamekaa benchi la mashahidi.

Katuni zenyewe ziliwahi kuligusa hili mara moja, kwa bahati. Oktoba 1980, katika toleo la 200 la The Avengers, Ms. Marvel aligeuzwa moyo kwa mashine na mwanamume aliyemtaka, akaondoka naye, na mashujaa wenzake wakampungia mkono kana kwamba ni harusi. Mwaka uliofuata Claremont, aliyekasirishwa na kisa hicho, alimrudisha akiwa amezinduka. Lawama zake nzito hazikumwendea yule mwanamume, aliyekuwa ameshakufa. Ziliwaendea waliompungia mkono.

Hukumu

Kwa mamlaka niliyojipa, ainisho hili linatoa uamuzi kama ifuatavyo.

Bucky Barnes ana hatia ndogo na kazi kubwa. Aende kwa ndugu wa marehemu mmoja baada ya mwingine, na Captain America asimfuate kumjibia. Hawkeye aandike majina ya wale wenzake wasio na bango. Hal Jordan arudishe pete mpaka Parallax afike mahakamani mwenyewe. Malfoy afilisiwe, tutajua baadaye kama alilaaniwa. Eddie Brock na mnywaji wa rubisi walipe vilivyovunjika. Jim Shooter, ambaye ndiye aliyewafikiria maiti bilioni tano, apewe kiti cha heshima kibandani, bila kiingilio.

Mkulima aliyeuza maua ya kahawa asihutubiwe tena. Ahojiwe mnunuzi, ambaye siku ile alikuwa ameshiba, na ahojiwe pia kila mtu aliyejua kwamba ada na malipo ya kahawa havijawahi kufika katika mwezi uleule.

Kwa wasichana wa Kashasha hakuna shtaka la kusikiliza. Shule yao ilifunguliwa tarehe 21 Mei, wakapatwa 57, ikafungwa tena mwishoni mwa Juni. Wanadai masomo ya karibu nusu mwaka, na mdaiwa ni yeyote aliyekuwa na funguo za lango.